Sekunde 40 Zilizoizika Friendster, Mtandao Uliotamba Kabla ya Facebook

Kama umezaliwa miaka ya 2000, jina Friendster huenda halikuambii kitu, na si kosa lako. Lakini kabla ya Facebook, kabla ya Instagram, kabla watu hawajaanza kuhesabu wafuasi na kulilia laiki, Friendster ndio ulikuwa mtandao wenyewe. Mwaka 2003 vijana wa mjini kule Marekani walikuwa wanaulizana, "Uko Friendster?" Magazeti yaliandika, runinga zikamwita mwanzilishi wake, kila mtu alitaka awemo.

Halafu ukafa.

Haukufa kwa skendo. Haukufungiwa na serikali. Haukuishiwa hela pia, maana matajiri walikuwa wanapanga foleni kuupa. Uliuawa na kitu ambacho kila mwenye simu anakijua: unabonyeza, kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka... unaachana nacho.

Hii ndiyo stori yake, pamoja na ya wengine waliopatwa na ugonjwa huohuo wa seva nzito lakini wao wakapona. Majina ya wahusika hayana uzito sana hapa. Walichokifanya ndicho chenye somo.

Jamaa na wazo lake

Mwaka 2002, programa mmoja aliyetokea Canada alikuwa anaishi California, kwenye lile eneo la kampuni za teknolojia linaloitwa Silicon Valley. Mitandao ya kutafuta wachumba ilikuwepo tayari, ila ilikuwa inakukutanisha na mtu usiyemjua kabisa, humjui ndugu yake wala rafiki yake. Jamaa akawaza: kwa nini watu wasikutane kupitia marafiki wa marafiki zao?

Ukifikiria, ndivyo watu wanavyopatana hata kitaani. Shemeji yako ana rafiki, rafiki ana dada yake, mnakutana kwenye send-off, mnapiga stori, mambo yanaenda. Yeye alichofanya ni kuihamishia hiyo kwenye kompyuta. Akachukua neno la Kiingereza la rafiki, akalichanganya na jina la Napster, ule mtandao wa kubadilishana miziki uliokuwa umewanyima usingizi wenye kampuni za muziki. Ikatoka Friendster.

Machi 2003 milango ikafunguliwa. Ndani ya miezi michache tu watu milioni 3 walikuwa wameshajiandikisha. Leo milioni 3 unaweza kuona ni kidogo, msanii mmoja tu wa Bongo anaweza kuwa na wafuasi zaidi ya hao. Lakini kumbuka ni 2003. Simu za kisasa hazijaja, na watu wanaingia mtandaoni kwa kukaa mbele ya kompyuta ya mezani. Milioni 3 kwa muda ule ilikuwa noma.

Google wapiga hodi, jamaa akagoma

Mwaka huohuo wa 2003 Google wakaja na ofa: dola milioni 30, tuuzie huo mtandao. Google yenyewe ilikuwa bado haijaanza kuuza hisa zake kwa watu wote, hilo lilikuja Agosti 2004.

Jamaa akakataa. Badala yake akachukua hela za wawekezaji wakubwa wa Silicon Valley, waliomwambia kwamba kitu chake kinaweza kuwa kikubwa kuliko hiyo milioni 30. Kwenye bodi wakaingia vigogo, watu waliokuwa na historia kwenye kampuni kubwa za mtandao. Kila mmoja kati yao alikuwa na jina, ana uzoefu, ana namba za simu za watu wazito.

Kwa nje ilionekana wameshatoboa. Kwa ndani nyumba ilikuwa inavuja.

Tatizo lilikuwa wapi hasa?

Kila tovuti ina makazi. Haielei hewani, inakaa kwenye kompyuta inayoitwa seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Ukibonyeza, ombi lako linasafiri mpaka kwenye hiyo seva. Seva inaenda stoo, yaani kwenye databesi, inatafuta picha, majina na maandishi, inaupanga ukurasa, ndipo inakurudishia. Mkiwa wachache, yote hayo yanafanyika kabla hujakonyeza.

Sasa chukua mfano wa mama ntilie mwenye jiko moja. Wateja watano anawahudumia huku anacheka nao. Wakija mia tano saa saba mchana, hata awe na mikono ya umeme, watu watasubiri. Wengine watasubiri kidogo, halafu watavuka barabara.

Hayo ni matatizo ya kila mtandao unaokua. Lakini Friendster ilijibebesha mzigo mwingine juu ya huo. Sifa yake kubwa ilikuwa kukuonyesha mnajuana vipi na mtu: rafiki yako, rafiki wa rafiki yako, mpaka hatua nne mbele. Ilikuwa tamu kuangalia. Kwa seva ilikuwa adhabu.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kila mtu ana marafiki 50. Hatua ya kwanza ni watu 50. Hatua ya pili ni 50 mara 50, watu 2,500. Hatua ya tatu, 125,000. Hatua ya nne, milioni 6 na laki mbili na nusu. Kweli, marafiki wengi wanajirudia kwa hiyo idadi inapungua, lakini seva haiwezi kujua nani anajirudia mpaka iwapitie. Halafu mtu mmoja akiongeza rafiki mpya, minyororo ya watu kibao inabadilika. Na hesabu hii ilikuwa inapigwa tena na tena, kwa watu kwa maelfu, kwa wakati mmoja.

Matokeo yake ni kwamba kufungua ukurasa mmoja kulifika hadi kuchukua sekunde 40.

Sekunde 40! Jaribu sasa hivi. Weka simu chini, hesabu moja mpaka arobaini, ndipo uendelee kusoma. Halafu fikiria hiyo ni picha moja tu ya mshikaji wako, na ukitaka ya pili unaanza kuhesabu upya.

Kutengeneza seva hakuna kiki

Hapa ndipo stori inapouma. Tatizo halikuwa siri. Watumiaji walilalamika, mafundi walilijua, mwanzilishi alilijua. Hela ilikuwepo. Wataalamu California wamejaa. Kwa nini halikutengenezwa?

Kwa maelezo yaliyokuja kutolewa baadaye na watu waliokuwa ndani, vikao vya bodi vilikuwa vinajadili mambo makubwa. Tuongeze lugha. Tuweke huduma ya kupiga simu kwa intaneti. Tufanye dili na kampuni fulani, tuuze matangazo kwa namna fulani. Ishu ya ukurasa kuchelewa kufunguka ilikuwa inaonekana ni kazi ya mafundi wa chini, siyo ya kuzungumzwa na watu wazima waliovaa vizuri.

Na ukweli ni kwamba kutengeneza seva hakuna kiki. Hakuna gazeti litakaloandika "Friendster sasa inafunguka kwa sekunde mbili." Ukizindua kitu kipya unapigwa picha. Ukiziba bomba linalovuja hakuna anayekuona, na ukiliziba vizuri ndiyo kabisa hakuna anayejua lilikuwa linavuja. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Friendster ufa ulionekana tangu mapema, ila wenye nyumba walikuwa wanachagua rangi ya mapazia.

Mwaka 2004 bodi ikamtoa mwanzilishi kwenye kiti cha ukurugenzi. Mwaka huohuo akaletwa bosi aliyetokea kwenye biashara ya runinga. Mtandao unaumwa seva, wakaletewa mtu wa vipindi!

Fundi aliyesema ukweli akafukuzwa

Mafundi hawakukaa bure. Katikati ya mwaka 2004 waliubadilisha mfumo mzima, wakauandika upya kutoka lugha moja ya programu kwenda nyingine, kutoka Java kwenda PHP. Kasi ikapanda. Hatimaye kulikuwa na habari njema.

Mmoja wa mafundi hao, mwanadada, akaandika kwenye blogu yake binafsi kuhusu mabadiliko hayo. Hakumwaga siri, maana mtu yeyote aliyefungua Friendster kwenye kompyuta yake aliona kwamba anwani za kurasa zimebadilika. Agosti 2004 akafukuzwa kazi.

Hebu ifikirie hiyo. Kampuni iliyojengwa ili watu waongee mambo yao mtandaoni inamfukuza mtu kwa kuongea mambo yake mtandaoni. Tena alikuwa anasema kitu pekee kizuri ambacho watumiaji walikuwa wanakisubiri kwa zaidi ya mwaka. Habari ikasambaa, watumiaji wakakasirika, baadhi yao wakafuta akaunti zao.

Watu wakavuka barabara

Wakati Friendster inazunguka, Agosti 2003 mtandao mwingine ulikuwa umefunguliwa upande wa Los Angeles. MySpace. Waliouanzisha walikuwa wameshaiona Friendster na wakaona pia udhaifu wake. MySpace haikuwa na yale mahesabu mazito ya hatua nne. Halafu iliwakaribisha watu ambao Friendster ilikuwa inawatimua: bendi za muziki, na wale waliofungua akaunti za utani kwa majina ya mastaa, miji na hata vitu. Friendster ilikuwa inazifuta akaunti hizo, MySpace ikasema karibuni, kaeni.

Mwaka 2005 MySpace ikauzwa kwa dola milioni 580. Ile ofa ya milioni 30 ikaanza kuonekana kama hela ya nauli.

Kuna watakaosema watu walihama kwa sababu MySpace ilikuwa na muziki na rangi kali. Ni kweli, hilo nalo lilichangia. Lakini kusubiri kunafukuza watu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 bosi mmoja wa Google alisimulia jaribio lao: waliwaonyesha watu majibu 30 kwa ukurasa badala ya 10, kwa kuwa watu wenyewe walisema wanataka mengi zaidi. Ukurasa ukachelewa kwa nusu sekunde tu zaidi. Matumizi yakashuka kwa asilimia 20. Nusu sekunde! Friendster ilikuwa inawasubirisha watu 40.

Na kwenye mtandao wa kijamii hasara haiishii kwa yule anayeondoka. Duka likipoteza mteja mmoja, wateja wengine hawaumii. Hapa, rafiki yako akisepa, sababu yako ya kuingia inapungua. Akisepa wa pili na wa tatu, unabaki unaongea na ukuta, na wewe unasepa. Watafiti wa chuo cha ETH Zurich kule Uswisi waliichunguza Friendster baada ya kufa, kama daktari anavyopasua maiti, na mwaka 2013 wakaonyesha jambo hilohilo: waliokuwa wameshikwa na marafiki wachache ndio walioondoka mapema, na kila aliyeondoka alimlegeza aliyebaki.

Dogo wa LiveJournal na hotipoti la chapati

Sasa twende kwa waliopona.

Mwaka 1999, mwanafunzi mmoja kule jimbo la Washington alianzisha LiveJournal, mahali pa watu kuandika shajara zao na kusomana. Alianza kama mchezo kati yake na marafiki zake. Watu wakawa wengi, seva ikaanza kuhema. Akaongeza ya pili. Ikahema. Akaongeza nyingine. Kila akiongeza, watu nao wanaongezeka.

Dogo hakuwa na bodi ya vigogo. Alichofanya kwanza ni kupunguza mlango. Kuanzia Septemba 2001, ili ufungue akaunti ya bure ulihitaji namba ya mwaliko kutoka kwa mtu aliyemo tayari. Mlango huo ulikaa hivyo mpaka Desemba 2003. Wengi wangeona ni ujinga, unawezaje kuwazuia wateja? Lakini yeye alielewa kwamba kumkaribisha mgeni halafu umkose pa kumkalisha ni kumfukuza.

La pili ndilo lililobadilisha dunia. Aligundua kwamba seva zake zinapoteza nguvu kwa kurudia kazi ileile. Mtu mmoja akifungua ukurasa, seva inaenda stoo kuchukua taarifa. Sekunde moja baadaye mwingine anafungua ukurasa huohuo, seva inaenda tena stoo, inachukua kilekile. Ni kama muuza chapati anayekanda unga upya kwa kila mteja. Suluhisho ni lipi? Pika nyingi, weka kwenye hotipoti, mteja akija unampa ya moto palepale.

Hotipoti lake aliliita memcached, programu inayohifadhi vitu vinavyoombwa mara kwa mara kwenye memori ya kompyuta, ambako vinachukuliwa haraka kuliko kule stoo. Ilitoka Mei 2003. Na hakuificha wala kuiuza, aliiweka wazi ili mtu yeyote aitumie bure.

Ona mwezi wenyewe. Mei 2003, wakati Friendster ina miezi miwili tu tangu ifunguliwe.

Dogo wa Harvard aliyeogopa yaliyowapata wenzake

Februari 2004, kwenye bweni la chuo cha Harvard, mwanafunzi mwingine akafungua Facebook. Seva yake ya kwanza ilikuwa ya kukodi, dola 85 kwa mwezi. Hiyo ndiyo kodi ya kwanza ya mtandao ambao leo una watu kwa mabilioni.

Lakini jamaa alikuwa na woga mmoja, na woga huo una jina: Friendster. Yeye na wenzake waliiona inavyokwama, wakaapa yasiwapate. Kwa hiyo hawakufungua kwa dunia nzima. Walianza na Harvard peke yake. Mwezi uliofuata wakaongeza vyuo vitatu. Kila chuo walikipa databesi yake, kwa hiyo wanafunzi wa chuo kimoja wakizidi, wa chuo kingine hawaumii. Ni sawa na kila mtaa kuwa na bomba lake la maji badala ya mji mzima kugombania bomba moja.

Vyuo vingine vikawa vinaomba kuingia, wao wanawaambia subirini, mpaka seva ziwe tayari. Watu wengi wanadhani kuanza na vyuo tu ulikuwa ujanja wa kuifanya Facebook ionekane ya kishua. Huo ujanja ulikuwepo, lakini nusu nyingine ilikuwa kuzilinda seva. Mpaka Septemba 2006 ndipo wakafungua kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea.

Na lile hotipoti la LiveJournal? Facebook walilichukua kwa mikono miwili. Kufikia mwisho wa 2008 walikuwa na seva zaidi ya 800 zinazofanya kazi hiyo tu ya kuhifadhi vitu vya moto. Dawa ilitolewa bure mwaka 2003, kila mgonjwa angeweza kuinywa.

Nyangumi wa Twitter

Kuna atakayeuliza: mbona Twitter nayo ilikuwa inakwama balaa na haikufa? Swali zuri.

Twitter ilianza 2006, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa zinalala bila taarifa. Ikizidiwa ilikuonyesha mchoro wa nyangumi anayeinuliwa na ndege wadogo kwa kamba. Watu wakampenda nyangumi mpaka wakawa wanavaa fulana zake. Kombe la Dunia la 2010 lilipopigwa Afrika Kusini, kila goli lilikuwa kipigo kwa seva, na Juni ile ikawa kati ya miezi yao mibaya kabisa.

Tofauti ni mbili. Kwanza, Twitter ilipokwama watu hawakuwa na pa kuvukia. Hakukuwa na jirani mkubwa anayeuza kitu kilekile. Bahati hiyo Friendster hawakuwa nayo. Pili, Twitter waliinama chini wakaziba. Waliuvunja mfumo vipandevipande, wakauandika upya, wakahangaika nao kwa miaka. Agosti 2013, Japani, filamu moja ya katuni ilikuwa inaonyeshwa kwenye runinga, na watazamaji wana desturi ya kuandika neno moja kwa pamoja kwenye tukio fulani. Zikaingia twiti 143,199 ndani ya sekunde moja. Seva hazikutetereka. Mwaka huohuo nyangumi akastaafishwa.

Na huku kwetu?

Sisi tulikuwa na ugonjwa wa pili juu ya huo: umbali.

Mpaka 2009, pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa intaneti wa chini ya bahari. Mawasiliano mengi ya nje yalipanda kwenye setilaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu, yakashuka Ulaya au Marekani ambako seva ipo, kisha jibu likarudi njia ileile. Hata kwa kasi ya mwanga, safari hiyo inakula karibu nusu sekunde, na ukurasa mmoja unahitaji safari nyingi: hii picha, ile nembo, haya maandishi. Seva ya mtu ingeweza kuwa na nguvu kama simba, ukurasa bado ungekuja unachechemea. Na kwenye intaneti kafe dakika zilikuwa zinahesabiwa.

Kibaya zaidi, hata barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda Nairobi ingeweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Kampuni za intaneti za Kenya zikakubaliana kuunganisha nyaya zao sehemu moja, ili ya nyumbani yabaki nyumbani. Kituo kikafunguliwa Novemba 2000. Wiki chache tu kikafungwa, baada ya kampuni ya simu ya taifa kulalamika kwamba haki yake ya kushika mawasiliano peke yake imevunjwa. Mafundi hawakukubali. Walibishana, wakapeleka hoja, na Februari 2002 kituo kikarudi.

Julai 2009 mkongo wa kwanza wa SEACOM ukawashwa, ukitokea Afrika Kusini kupitia Msumbiji, Tanzania na Kenya, mingine ikafuata. Siku hizi kampuni kubwa za video zinaweka nakala za vitu vinavyopendwa kwenye seva za jirani. Ni hotipoti lilelile, ila safari hii limesogezwa mpaka mtaani kwako.

Mwisho wa Friendster

Friendster haikuzimika siku moja. Ilipopoteza Marekani, ikapata maisha ya pili Asia: Ufilipino, Indonesia, Malaysia, Singapore. Kule vijana walikulia humo, ndimo walimopatia marafiki na kuandikia mistari ya mapenzi. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Malaysia ikainunua. Mwaka uliofuata Facebook wakanunua hatimiliki zake za uvumbuzi, na taarifa zilisema kwa dola milioni 40. Yaani karatasi za mawazo zilipata bei kubwa kuliko ile ambayo Google waliiweka mezani kwa mtandao mzima.

Lakini Asia nako Facebook ilishafika. Mwaka 2011 wenye mali wakatangaza: kufikia mwisho wa Mei, picha, jumbe na maandishi ya watu vinafutwa, Friendster inageuka kuwa tovuti ya magemu. Watu wa kujitolea wanaohifadhi historia za mtandao wakakesha wakinakili walichoweza, lakini wasingeweza kubeba vyote. Picha za sherehe za watu, marafiki waliokwishafariki, barua za mapenzi za watu ambao sasa wana watoto, nyingi zikapotea. Mwaka 2015 hata magemu yakasimama, na 2018 kampuni ikafungwa rasmi.

Unaweza kusema ni kompyuta tu. Lakini ndani ya seva ile kulikuwa na ujana wa watu.

Ndiyo maana stori hii siyo ya mafundi peke yao. Friendster ilikuwa na wazo la kwanza, hela nyingi na watu wenye majina. LiveJournal ilikuwa na dogo mmoja aliyejua kwamba mlango ukizidiwa unaufunga kidogo, unatengeneza viti, ndipo unaita wageni. Facebook ilikuwa na watu walioangalia kaburi la jirani wakajifunza. Kila anayeanzisha jambo la watu, iwe duka, kanisa, kikoba au kundi la WhatsApp lenye wanachama mia tano, siku moja atafika pale: azindue kitu kipya apigwe picha, au aingie chini ya sinki azibe bomba.

Wewe ulianzia mtandao gani, na nini kilikufanya uhame? Dondosha hapo chini.